Likizo ya Juni Tanga: tuisheni, chuo, kwa bibi, kwa fundi au baharini?

Shule zikishafungwa mwanzoni mwa Juni, mtaa wetu wa Ngamiani unabadilika sauti. Saa moja asubuhi, wakati ambao wiki iliyopita ulikuwa wa kutafuta soksi na kugombania beseni, kuna ukimya. Saa tatu wanaanza kutoka mmoja mmoja, na ikigonga saa nne barabara nzima ni chandimu, rede na kombolela, na mwenye baiskeli anapita katikati yao akipiga kengele na kutukana kwa heshima.

Mimi saa hiyo sipo. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtu. Natoka nyumbani saa moja na nusu, narudi saa kumi na mbili jioni na saruji kwenye nyusi. Baba yao ni dereva wa lori, wiki hii Dar, wiki ijayo Tunduma. Nyumbani wako watatu: binti wa miaka 13 aliye darasa la saba, mvulana wa miaka 10, na kitinda mimba wa miaka 6. Kwa hiyo wenzangu wakiulizana likizo hii watoto wafanye nini, mimi huwa na swali langu pembeni: saa nne asubuhi watakuwa kwa nani?

Naitaja saa nne kwa makusudi. Kabla yake kuna kufagia uwanja, kuosha vyombo, chai na kiporo. Kuanzia saa saba njaa inawarudisha wenyewe bila kuitwa. Katikati hapo ndipo mkono unapovunjikia kwenye mti wa mkungu, ndipo simu ya shangazi inapochezewa mpaka bando linakata, na ndipo anapojitokeza mtu mzima msiyemjua na pipi zake. Njia yoyote ya likizo naipima kwa hayo masaa matatu kwanza. Bei inafuata. La mwisho ni mtoto atarudi na nini kichwani.

Nimezijaribu njia tano kwa miaka kadhaa. Nazipanga mbilimbili, maana ndivyo uamuzi unavyomfikia mzazi. Sijamwona aliyekaa akachagua katika tano. Unachagua kati ya mbili ambazo mfuko wako na ndugu zako wamekubakishia.

Tuisheni au chuo

Tuisheni ya mtaani mnaijua: baraza la nyumba, ubao uliopakwa rangi nyeusi, mkeka, na mwalimu kijana anayesubiri ajira. Kwetu ni jero kwa siku kwa watoto wa chini, buku kwa darasa la saba, na hela anakwenda nayo mtoto mwenyewe asubuhi. Wanaanza saa mbili, wanaachiwa saa sita. Kwa kipimo changu cha saa nne, ukiisikia tu, imefaulu.

Sasa nikupe la mwaka juzi. Mvulana wangu alikuwa akiondoka na jero yake kila asubuhi, daftari kwapani, anarudi saa sita na nusu kachoka kama mtu aliyesoma kweli. Wiki ya tatu nikalifungua lile daftari nitafute ukurasa mtupu wa kuhesabia michango ya kikoba. Kurasa karibu zote zilikuwa tupu. Kulikuwa na tarehe moja, ya Jumatatu ya kwanza, na hesabu mbili za sehemu, ya pili haijamaliziwa. Jero zote zilikuwa zimehamia banda la gemu mtaa wa nyuma. Mwalimu nilipomfuata hakuwa na habari. Ana watoto kama arobaini kwenye mkeka na hana orodha ya majina. Asipokuja mmoja, wengine wanajinyoosha miguu.

Tangu siku hiyo mtoto hashiki hela ya tuisheni. Namlipa mwalimu mwenyewe kwa wiki, kwa simu, na tumekubaliana asipomwona mtoto ifikapo saa mbili na nusu ananitumia ujumbe. Mwalimu asiyekubali sharti hilo dogo simpi mtoto, hata awe anasifiwa mtaa mzima.

Halafu kuna suala la nani anaihitaji. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kwa hiyo Juni ndiyo nafasi ya mwisho ya mtoto kupumua na kuziba mapengo. Binti yangu anajikwaa kwenye asilimia na riba, basi. Nilimwambia mwalimu hivyo hivyo: asilimia na riba, siku tatu kwa wiki, usimrudishe kwenye majina ya mikoa. Akanitazama kama nimeingia dukani nikaomba nusu kiatu, lakini alikubali. Mtoto ambaye hana pengo linalojulikana, tuisheni ya Juni inamrudishia shule ile ile aliyofunga juzi, tofauti ni kwamba safari hii hana dawati.

Na kama ni shule yenyewe inayokuambia kuna kambi ya lazima wakati wa likizo, na mchango wake, uliza kwa upole wameruhusiwa na nani. Wizara imekuwa ikikataza shule kuwafundisha wanafunzi wakati wa likizo.

Chuo, kwa msomaji wa bara, ni madrasa. Mtoto wa Tanga wa miaka sita akikuambia anakwenda chuoni usimpongeze kwa kupata mkopo. Likizo ikifika vyuo vingi huongeza kipindi cha asubuhi juu ya kile cha alasiri. Ustadhi anawajua kwa majina na majina ya baba zao. Mtoto asipoonekana siku mbili, habari itakufikia sokoni, msibani au kwenye foleni ya maji kabla hujamuuliza mwenyewe. Hakuna daftari la mahudhurio lenye nguvu hiyo. Ada yake kwa kawaida iko chini ya tuisheni, na mwisho wa likizo mtoto ana kitu cha kukuonyesha: juzuu amehitimu, kaswida ameishika, dua ya kulala anaisoma bila kukwama.

Kasoro zake mbili nazisema hadharani. Bakora: uliza kabla, na ukijibiwa kwa kicheko ujue jibu. Ya pili ni kukaa. Asubuhi masaa manne chini, alasiri mawili, mtoto wa miaka sita anarudi magoti yamekakamaa na hamu ya kupigana na mtu yeyote. Ninampeleka kipindi kimoja tu. Jirani zangu Wakristo wana semina za watoto kanisani, zinazosifiwa sana, ila nyingi ni za wiki moja na likizo ni wiki nne au zaidi. Zile nyingine wanakuja kugongana na mimi kwenye maswali haya haya.

Uamuzi wangu hapa hauna mzunguko. Kwa wadogo wawili, chuo cha asubuhi kinaishinda tuisheni. Kwa aliye na mtihani Septemba, tuisheni ya somo moja.

Kwa bibi Muheza au kubaki mjini

Anayesema kumpeleka mtoto kwa bibi ni bure hajawahi kumpeleka. Hubebi mikono mitupu: sukari, mchele, sabuni ya mche, mafuta ya kula, na kanga doti moja kama mwaka jana ulikwenda na maneno matamu tu. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Kuna hela ya mboga ya kila wiki kwa simu, kwa sababu watoto watatu wa mjini wakipiga hewa ya shamba wanakula kama wachimba kisima. Nikijumlisha, wiki mbili za bibi zinanitoka karibu sawa na wiki mbili za kuwalisha nyumbani na kuwalipia tuisheni wote. Haya ndiyo mahesabu, asikudanganye mtu.

Lakini saa nne asubuhi wako na mtu wa damu yao, na mikono yao ina kazi. Muheza iko kama kilomita 35 kutoka Tanga mjini, na Juni machungwa yanaanza kushika rangi. Mama mkwe wangu ana michungwa kama thelathini nyuma ya nyumba. Mkubwa anapanda, wa kati anapokea, mdogo anahesabu. Na kuchuma kuna adabu yake: chungwa linakatwa kwenye kikonyo, halinyofolewi. Ukilinyofoa unaacha kitundu pale juu, na kitundu hicho ndicho mlango wa uozo. Siku tatu ndani ya tenga limelowa, na limewaambukiza majirani zake wote. Bibi akiona chungwa limenyofolewa halipeleki sokoni. Anampa aliyelinyofoa alile pale pale, hata kama ni la sita. Kitinda mimba wangu, ambaye mwalimu wake wa awali alishindwa kumvusha ishirini kwa vijiti, alirudi anahesabu hadi mia na arobaini, akiwa na maneno matano ya Kibondei ambayo baba yake alinisihi nisiyarudie mbele ya wageni.

Upande wa pili wa sarafu ni homa. Masika yamekwisha Mei lakini madimbwi hayajui tarehe. Muheza imesumbuliwa na malaria miaka mingi, na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wana kituo chao pale. Mimi naondoka na vyandarua vyangu vyenye dawa ndani ya begi, maana cha bibi kimeshonwa kwa uzi mweupe mpaka kinafanana na kitambaa cha darizi. Na jambo ambalo wazazi wengi wa mjini wanalikosea: malaria haimpati mtoto kesho yake baada ya kuumwa na mbu. Huchukua siku saba kwenda juu, mara nyingi kumi hadi kumi na tano. Maana yake homa inayokuja nyumbani, wiki ya pili baada ya kurudi, shule zimeshafunguliwa na wewe umeshasahau safari, inawezekana kabisa ni ya Muheza. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Usiite uchovu.

Swali jingine halina dawa ya chandarua: analala wapi, na nani? Nyumba ya bibi wakati wa likizo inajaa, binamu wakubwa, wajomba, mpangaji wa chumba cha uani. Nauliza wazi kabla sijafunga begi, na bibi hakasiriki, maana na yeye ana yake aliyoyaona maishani. Wote watatu wamekariri namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Wa miaka sita anaiimba kama kaswida.

Na bibi mwenyewe aulizwe. Ana kwa ana, au kwa simu, asitumiwe salamu kupitia mtoto. Mwaka jana nilimpigia nikamwambia nataka kuwaleta wiki nne. Akanyamaza, kisha akasema, "Wakija nafurahi, mwanangu. Na wakiondoka nafurahi." Tukakubaliana wiki mbili, na tangu hapo hatujavuka. Hata watoto wenyewe ikifika siku ya kumi na tano wanaanza kuuliza simu ya nani ina salio.

Kubaki mjini kunakuwa rahisi kama kuna mtu mzima ndani ya nyumba kuanzia asubuhi. Mtu mzima, nasema. Dada wa kazi wengi tunaowaita dada ni watoto wa watu, miaka kumi na saba, kumi na minane. Kumwachia kupika, kufua, kuchota na kuchunga watatu halafu ukashangaa mmoja kaonekana ufukweni, hapo aliyekosea ni wewe. Kwa wa miaka kumi kwenda juu, mwenye pa kwenda asubuhi, mjini panafaa. Kwa mdogo, bibi anashinda kwa mbali.

Kwa fundi baiskeli au mbele ya runinga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi.

Mji wetu ni tambarare na ni mji wa baiskeli. Huwezi kutembea barabara tatu za Ngamiani bila kukuta fundi chini ya mti, pampu imefungwa kwa mnyororo kwenye shina na karai la maji lenye rangi ya chai. Wa kona yetu ni mzee anayeongea kidogo. Baada ya lile sakata la gemu nilimfuata, nikamwomba amkalishe mvulana wangu kuanzia saa tatu mpaka saa sita, siku nne kwa wiki. Akauliza swali moja, "Anasikia?" Nikamwambia kwa wengine anasikia.

Siku ya tano alimpa pancha ya kuziba peke yake. Nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo niliona kwa macho yangu nikiwa ng'ambo ya barabara. Mvulana akailaza baiskeli kwa ubavu, akabandua tairi kwa mipini ya vijiko viwili, upande mmoja tu, akavuta tyubu kama mtu anayetoa utumbo wa samaki. Akaijaza upepo. Akaipitisha kwenye karai kidogo kidogo, uso umeinama mpaka pua inagusa maji, hadi vipovu vikapanda mfululizo. Akachomeka njiti ya kiberiti pale pale asipapoteze. Akakausha, akakwaruza kwa msasa, akapaka gundi. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya nyumbani: akasubiri. Gundi ikibandikwa mbichi haishiki. Inaachwa mpaka ukiigusa haikufuati kidoleni. Mwanangu, ambaye hawezi kusubiri chai ipoe, alikaa ameshika kile kiraka cha tyubu kuukuu, anakipepea, anagusa, anaacha, anagusa tena. Akabandika, akagonga kwa nyundo, akarudisha kila kitu, akajaza upepo. Mwenye baiskeli akapanda, hakufika hata kwenye nguzo ya umeme. Pshhh.

Fundi hakumgombeza. Akamwambia, "Umeziba tundu, msumari umeuacha ndani." Hakuwa amepapasa tairi kwa ndani. Jioni nyumba nzima ilielezwa habari ya kupapasa tairi kwa ndani, na baba yake kwa simu pia, akiwa njiani Makambako.

Sasa tahadhari, na hii ni ya kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi. Wa miaka kumi kwa hiyo haajiriwi. Anatazama, anajaribu, anarudi nyumbani saa sita. Fundi hamlipi mtoto. Mimi ndiye ninayempelekea fundi ya chai kila Ijumaa, ili ieleweke nani anamfanyia nani hisani. Siku nitakayosikia anatumwa kubeba mizigo au anabakizwa mpaka magharibi, ndiyo mwisho. Na hakuna petroli wala kuchomelea vyuma pale. Fundi pikipiki au fundi geti nisingempelekea mtoto wa umri huo hata kwa dakika.

Binti nilimtafutia fundi cherehani, kwa mazoea. Alikaa siku mbili, akaniambia anataka na yeye kwenda kwa fundi baiskeli. Mzee akasema msichana atachafuka. Alichafuka. Tuna sabuni.

Runinga je? Siidharau kama baadhi ya watu wanavyojifanya kuidharau. Kuna siku mvua ya Juni inanyesha kutwa, kuna mtoto mgonjwa, kuna saa tisa ya alasiri ambayo jua halitazamiki. Katuni moja hapo inaokoa nyumba. Shida yake ni kwamba saa nne asubuhi inafanana na mlezi bila kuwa mlezi: mtoto yuko kimya, unadhani yuko salama, na umeme wa LUKU unateketea. Kwa wadogo kabisa, miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kwetu ni dakika tisini baada ya alasiri. Rimoti naondoka nayo kazini ndani ya mkoba. Waligundua kitufe cha nyuma ya runinga siku ya tatu.

Bei haina ushindani hata kidogo: fundi ni chai ya Ijumaa. Lakini fundi hapatikani kwa kila mtu. Lazima awe mtu ambaye kona yake unaipita, ambaye wanao wanamwamkia tangu wakiwa wadogo, na ambaye ukisimama ng'ambo ya barabara unaona kila kinachofanyika.

Bahari au mapango

Hizi ni za Jumapili, siku niliyopo. Hazijazi likizo, zinaikata vipande ili ionekane fupi.

Bahari ni bure, ukiacha zile klabu za kuogelea za Raskazone zenye kiingilio, na inafaa umri wote. Ila ina ratiba yake na ratiba yake ni mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa sana karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka, ni maji mafu: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Ukilijua hili hata kalenda ya likizo unaipanga kwa kuangalia juu.

Jumapili ya bamvua tunafika saa tatu. Maji yamekimbia, kuna uwanja mzima wa matope, majani ya bahari na vidimbwi, na watoto wanaweza kutembea humo masaa mawili wakifukuza kaa na kugeuza mawe. Viatu vya raba miguuni, kwa ajili ya miiba. Saa tano tunageuka, hata wakilia. Maji hayarudi kwa kupanga mstari. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na wewe ukiwa bado unashangaa kaa unajikuta kwenye kijisiwa cha mchanga. Jumapili ya maji mafu ndiyo ya kuogelea, maana mkondo umepoa na huhitaji kutembea nusu kilomita kuyafuata maji. Juni ni msimu wa kusi, kwa hiyo asubuhi inafaa kuliko alasiri, upepo ukishapanda mawimbi nayo yanapanda. Wa miaka sita anakaa umbali wa mkono wangu. Na dumu tupu la mafuta si boya, hata kama watoto wote wa ufukweni wanalo.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kaskazini ya mji, njia ya Horohoro. Kuna kiingilio, kuna mwongozaji, na ndani ya kama saa moja mmemaliza. Ni miamba ya chokaa iliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka, giza totoro, popo juu, na sehemu za kupita kwa kujikunja. Mwongozaji huwaeleza watoto hadithi ya siku zote, kwamba njia moja inatokea Mombasa. Kitinda mimba wangu akauliza nauli yake. Dakika mbili baadaye popo wakapita karibu na sikio lake, nikambeba hadi mwisho wa ziara huku ameziba uso kwa mtandio wangu. Wa miaka kumi alitaka kurudia pale pale. Kwa hiyo Amboni ni ya miaka minane kwenda juu, viatu visivyoteleza, tochi ya kila mmoja. Bahari unakwenda kila Jumapili. Amboni ni mara moja kwa likizo, na itazungumzwa mpaka Desemba.

Siku ya mvua kuna Urithi, makumbusho ndogo iliyo katika jengo la serikali la enzi za Mjerumani, hapa hapa mjini. Dakika arobaini zinatosha. Kinachowashika watoto ni vita ya Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na askari wao kutoka India wakafukuzwa na jeshi dogo la Wajerumani, na katikati ya risasi nyuki wakachokozwa wakauma huku na huku. Ukitaja nyuki umepata masikio. Tongoni, kilomita kama kumi na saba kusini, msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo ya karne ya 15, ni pazuri kwangu mimi. Watoto waliyahesabu makaburi, wakauliza bahari iko wapi.

Maktaba ya mkoa nimeiacha mwisho kwa sababu inamfaa mmoja tu. Binti yangu anaweza kushinda pale asubuhi nzima na kitabu, kuna kimya na kuna mkutubi anayejua nani kaingia. Wa miaka sita tulitolewa kwa adabu baada ya robo saa. Ameiimba 116.

Mwaka huu basi ni hivi. Wiki mbili za kwanza, wadogo wawili Muheza, binti anabaki na asilimia zake siku tatu na maktaba siku mbili, mchana anakuja kula dukani kwangu. Wiki mbili za mwisho, mdogo chuo cha asubuhi, wa kati kwa fundi, na mzee ameshasema binti naye aje, ila awe na nguo yake ya kuchafulia. Mwezi nimeutazama: Jumapili ya pili ni bamvua. Jana usiku bibi alipiga simu kuuliza tunakuja Jumamosi au Jumapili, na kama vyandarua safari hii naviacha huko au naondoka navyo tena.